Maji ya Kuoshea Nyama

Wivine alilishika nanasi kwenye shungi lake la majani, akashusha kisu kutoka juu hadi chini, na ganda likaangukia ndani ya ndoo. Akaligeuza kidogo, akashusha tena. Hakuwa na haraka. Kando ya mguu wake palikuwa na beseni lenye nyama ya nguruwe aliyokwisha kuikatakata, na maji aliyoioshea yalikuwa yamegeuka mekundu hafifu, vipande vidogo vya mafuta vikielea juu.

Ubao ulikuwa mmoja na kisu kimoja. Nyama kwanza, kisha nanasi, kisha yale matunda-damu, zile nyanya za mti, aliyoyamwagia maji ya moto ili yamenyeke ngozi kwa urahisi. Ndivyo alivyofanya siku zote, wala hakuona ubaya, kwani vyote vilikuwa safarini kwenda sufuria moja.

Chakula hicho hakikuwa na kazi kubwa, ndiyo maana alikipenda. Unachemsha nyama kwa chumvi na kitunguu, unaacha maji yakauke ili ijikaange kwa mafuta yake yenyewe. Ikishapata rangi, unatia nanasi na matunda-damu, unafunika, unapunguza makaa, unakwenda zako kusonga ugali wa muhogo. Nanasi hukata mafuta, tunda-damu huleta ukali, na mtu aliyesema hana njaa huonekana akirudi kumega tonge jingine. Alijifundisha mwenyewe huko Butembo, mwaka ambao mananasi yalijaa sokoni na nyanya hazikuonekana. Mama mkwe wake alipoonja mara ya kwanza alisukuma tu sahani mbele, aongezewe.

Mama mkwe huyo alizikwa hukohuko, lakini walipokimbia bunduki wakavuka mpaka kuja Bwera walivuka na kanuni yake moja. Alikuwa akisema: anayelisha nyumba ale kwanza. Maana yake, siku nyumba inapopika nyama, nguruwe aliye bandani apewe fungu lake kabla sahani ya mtu yeyote haijapakuliwa. Apewe maganda yote na maji ya kwanza ya kuoshea nyama, kwa sababu maji hayo yana nguvu, na kuyamwaga chini ni kumwaga chakula. Wivine alikuwa ameacha mengi ya kwao. Hilo hakuliacha.

Akainua beseni, akayamiminia maji juu ya maganda, akatia pumba za mahindi, akakoroga kwa mkono. Kisha akabeba ndoo hadi nyuma ya nyumba.

Nguruwe alikuwa amekwisha kumsikia. Walimwita Madame kwa sababu ya mwendo wake wa siku hizi, wa polepole, tumbo likikaribia kuburuzika, kama mke wa tajiri anayechelewa misa makusudi ili aonekane. Alikuwa amebakiza muda mfupi azae. Wivine alimwaga ndoo horini akasimama kumtazama. Madame alikula bila aibu, nanasi likipasuka kati ya meno yake, masikio yakipigapiga, hata hori likabaki kavu kama lililopigwa deki.

Ndani ya tumbo lile mlikuwa na shamba. Mzee mmoja wa Kisinga mwenye ardhi isiyolimwa alikuwa amekubali walime kwake na wajenge kibanda, na badala ya kodi achukue watoto wa nguruwe katika kila uzao. Mazungumzo yalikwisha. Kilichosubiriwa ni Madame kuzaa. Akizaa, mume wake Jean-de-Dieu asingerudi tena Hima kupakia mifuko ya saruji kwenye malori na kuonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa hata siku za mapumziko, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Mwaka mzima Wivine hakuomba nyumba ya matofali wala kurudi Butembo. Aliomba mume wake alale nyumbani, na kile kikohozi kiishe.

"Mama Sophie!" Jean-de-Dieu aliita kutoka nyuma ya turubai walilolitundika kuwa bafu. "Ile nyama haijaiva? Njaa imenifika mupaka ku magoti."

"Ungeikula mbichi mu njira."

"Nilikaribia! Weye hukuona barabara ya leo. Kutoka Hima mupaka karibu na Kasese, watu beko banauzisha nyama ya nguruwe kama mihogo. Juu ya majani ya ndizi, juu ya baiskeli, kila pahali. Mutu moja ananiambia, lipa nusu, beba yote. Nikamuuliza, iko Noeli leo? Hakucheka."

"Hakucheka?"

"Hata jino sikuliona. Nikasema huyu iko na matatizo na bibi yake, nikabeba nyama mbio mbele hajabadilisha mawazo."

Wivine alicheka. Lile neno, kwamba mtu yule hakucheka, lilimkwaruza kidogo kama unyasi ulioingia ndani ya ndala, kisha likapita. Alirudi jikoni, akaweka nyama motoni. Binti yao Sophie alirudi kutoka kusaga muhogo, unga umemkaa kwenye nyusi, akanusa hewa, akauliza kama Papa amepandishwa cheo.

"Cheo cha kubeba mifuko miwili," alijibu baba yake, akitoka bafuni na taulo shingoni. Akakohoa. Wote wawili wakangoja amalize, kama watu wanavyongoja lori lipite ndipo waendelee kuongea.

Nyama ilikuwa imekwisha kupata rangi, na Wivine ndiyo kwanza ametia nanasi, mlio wa mafuta umepungua na harufu imebadilika kuwa tamu, waliposikia hodi. Alikuwa Niwagaba, jirani yao mwenye kibanda cha nyama choma ya nguruwe karibu na barabara ya Mpondwe. Dume lake ndilo lililompanda Madame. Alivaa gambuti nyeusi kama kawaida yake, mvua na jua.

"Hodi kwa watu wa simenti! Mimi nauza nyama siku mzima, lakini hii harufu imenitoa kwangu kwa miguu."

"Karibu, Niwagaba. Ni nanasi tu," alisema Wivine.

"Mawe!" Niwagaba alishika kichwa. "Mkongo anapika nguruwe na matunda. Kesho ataweka kitunguu kwa chai."

"Na weye Muchiga unaweka nini?" Jean-de-Dieu alimpa kigoda. "Maji na chumvi. Siku nguruwe zako zinafika mbinguni, zitakushitaki kwamba ulizipika bila heshima."

Niwagaba alicheka, lakini hakuketi. Alikuwa akitazama nyuma ya nyumba. "Wacha kwanza nione mke wenu mkubwa," alisema, akaenda zake bandani, akaruka ubao wa chini uliozuia mlango wa banda na kuingia. Walipomfuata walimkuta amechuchumaa kwenye matope, kiganja kimoja kwenye ubavu wa Madame, uso umegeukia upande kama anayesikiliza redio yenye sauti ndogo.

"Wanacheza," alisema. "Ni wengi. Ndugu yangu, nimekuja kwa jambo moja. Nataka kumchukua leo hii, kabla giza haijaingia. Nimpeleke kwangu."

"Juu ya nini? Sababu gani?" aliuliza Jean-de-Dieu.

"Homa ya nguruwe imeingia, upande ule wa Hima. Rafiki yangu amenipigia simu. Asubuhi mtu anaamka banda limejaa, baada ya siku chache banda ni tupu. Hapana dawa, nyabo," alimgeukia Wivine, "hapana sindano. Akishikwa anakataa chakula, analala, masikio yanakuwa mekundu, basi. Na mwenye mimba anatoa mimba kwanza." Aliinuka, akajipangusa mikono. "Kwangu kuna ukuta na sakafu. Nitamweka chumba cha mwisho, mbali na zangu, nifunge mlango. Azae salama, mumrudishe. Sitaki kitu. Hata hawa watoto ni wajukuu wangu, si baba yao ni dume langu?"

Jean-de-Dieu alifumbua kinywa kushukuru, kikabaki wazi. Wivine aliona jinsi uso wake ulivyofuata barabara ile yote kurudi nyuma, kutoka Bwera hadi Kasese, kutoka Kasese hadi kwa yule mtu asiyecheka.

"Ile nyama ya ku barabara," alisema taratibu.

"Ndiyo hiyo. Wanachinja kabla haijakufa, wanauza haraka. Utafanya nini? Hata mimi labda ningeuza." Niwagaba alimtazama, kisha akatazama upande wa jiko. "Iliyo kwa sufuria ni ya huko?"

"Iko ya kule."

"Basi usishituke. Huu ugonjwa hauna shida na mtu. Kuleni. Na moto unaua, ikishachemka imekwisha. Shida ni damu mbichi, ni mfupa, ni maji ya kuoshea. Ilimradi haya maji hamkumpa huyu."

Jean-de-Dieu alipumua kwa nguvu, karibu atabasamu. "Ya kwetu yote iko mu sufuria, inachemka," alisema. Kisha akamgeukia mke wake, si kwa kumshuku, bali kama mtu anavyomgeukia mwenzake amalizie sentensi. Yeye alikuwa bafuni. Hakuwa ameona ndoo.

Madame alisukuma mkono wa Wivine kwa pua, akitafuta kama kuna kingine.

Neno fupi tu lingetosha. Angesema hapana, na Niwagaba angemfunga Madame kamba, angempeleka kwenye ukuta wake na sakafu yake, kando ya nguruwe zake zote. Huenda Madame asingeugua. Huenda nyama ile ilitoka kwa nguruwe mzima aliyechinjwa kwa hofu tu. Wivine aliyapima hayo yote akiwa amesimama na mwiko mkononi, na kila alipoyapima aliona kibanda cha Niwagaba, na watoto wake wakichota pumba.

"Nilimupa," alisema. "Mbele ya kupika. Maji na maganda. Alimaliza yote."

Jikoni mafuta yalisikika yakitokota chini ya kifuniko.

Niwagaba aliangalia miguu yake. Gambuti zilikuwa zimezama hadi kifundoni kwenye matope ya banda. Alitoka nje ya ubao, mguu mmoja kisha mwingine, kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto asioujua. Akaomba maji na sabuni, na Sophie akamletea. Akanawa mikono hadi viwikoni, akarudia. Alipomaliza alikwenda hadi langoni, akavua gambuti moja, akavua ya pili, akaziegemeza ukutani.

"Hizi zitabaki kwenu," alisema. "Mzichome. Zisivuke hapa."

"Unisamehe, Niwagaba," alisema Wivine.

"Nikusamehe nini, nyabo? Kwetu pia tunawapa hayo maji. Yangekuwa kwangu leo, ningewapa kwa mkono wangu." Alisugua nyayo zake kwenye nyasi. "Lakini sasa sikilizeni. Asitoke. Msiuze, msimpe mtu, msichinje. Mtangoja. Kila asubuhi mtamletea chakula. Siku atakataa, ndiyo hiyo. Hakuna lingine."

"Na kama hakatai?" aliuliza Jean-de-Dieu.

Niwagaba, mtu wa maneno mengi, alikuwa na moja tu. "Omba," alisema, akaenda zake kwa njia ya mawe, miguu mitupu, akichagua pa kukanyaga.

Walikula jua likingali juu ya milima, kwa sababu chakula kilikuwa tayari na hakuna aliyejua la kufanya badala ya kula. Nyama ilikuwa imeiva vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza Wivine zaidi, kwamba ilikuwa laini, nanasi limeshika rangi ya dhahabu pembeni, mchuzi mzito wenye ukali wake sawasawa. Hakuwahi kuipika vizuri namna ile. Sophie alikula, akaomba ruhusa kwa macho, akaongeza. Jean-de-Dieu alimega tonge, akalichovya, akalishika mkononi hadi likapoa.

"Mupaka ya Mpondwe iko hapa tu," alisema mwishowe. "Naweza kumuvusha kesho asubuhi. Kule Kasindi nani atauliza? Iko nguruwe nzima, inakula, inatembea. Mutu atamununua mbio."

"Na nguruwe za kule?"

"Za kule!" Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilipokwisha alijifuta macho. "Na zetu za kule, nani alizihurumia? Watu ya bunduki walikula mupaka kuku yenye ilikuwa inalalia mayai. Sisi tu ndiyo tuhurumie nguruwe za watu?"

Wivine hakuona kwamba mume wake amesema vibaya. Alikuwa mtu aliyebeba saruji kwa ajili ya shamba ambalo asubuhi alikuwa nalo na jioni hana, na maneno yake yalikuwa na haki yake.

"Mwenye kumununua atakuwa na mutoto mwenye anangojea kitu," alisema. "Kama weye."

Jean-de-Dieu aliweka tonge sahanini. "Ni mimi nilileta ile nyama."

"Na ni mimi nilimwaga maji."

"Nilitaka mukule vizuri, basi."

"Najua, Baba Sophie."

Sophie aliacha kula. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani amekufa?" aliuliza. "Si anakula? Mimi nimemwona sasa hivi anakula majani."

Jean-de-Dieu aliondoka mkekani, akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Wivine alimsikia akichimba. Jembe lilipiga udongo mara kadhaa, likapiga jiwe, likahamia mahali pengine, likapiga jiwe tena. Alipokwenda kumtazama alimkuta amesimama kati ya banda na ukuta wa nyumba, vitobo vitatu vifupi miguuni pake, hata kimoja hakingemfukia kuku.

"Pahali pa kumuzika hakuna," alisema. "Kiwanja chenyewe si chetu. Kesho nitaenda kumuomba mwenye nyumba. Nitamwambia nini? Nipe pahali pa kuchimba shimo ya nguruwe yenye haijakufa?"

"Jumatatu unarudi Hima?"

"Niende wapi kwingine?"

Alisema bila uchungu, na Wivine angependa kusikia uchungu. Alikuwa ameisikia sauti hiyo mara moja tu, siku waliyofunga mlango wa nyumba yao Butembo na kuweka ufunguo juu ya dirisha, wakijua hakuna atakayerudi kuuchukua. Jean-de-Dieu aliliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani, akajilaza bila kuvua shati. Kikohozi chake kilisikika kupitia mabati.

Wivine alikusanya vyombo. Sufuria ilikuwa na nyama iliyobaki zaidi ya nusu, akaifunika. Mifupa aliitia kwenye makaa, mmoja mmoja, akingoja kila mmoja ushike moto ndipo aongeze mwingine. Ule ubao wa kukatia aliuweka juu yake. Ulikuwa ubao mzuri wa mvule, ulioliwa na kisu katikati, nao ulitoa moshi mwingi kabla ya kukubali kuwaka. Gambuti za Niwagaba alizisogeza karibu, akaona makaa hayatazitosha, akaziacha.

Kisha akaosha sahani, beseni na kisu kwa sabuni. Alipomaliza aliinua lile beseni la maji machafu, kama alivyoliinua kila jioni, akageuka kwenda nyuma ya nyumba.

Alisimama katikati ya uwanja.

Mtaro wa mbele uliteremka hadi kwa jirani wa chini, aliyekuwa na nguruwe wawili wadogo nyuma ya choo. Bustani ilichakurwa na kuku wa kila mtu, nao kuku hawajui mpaka. Chooni shimo lilikuwa limejaa karibu na juu, na mvua ikinyesha lilifurika njiani. Alijaribu kukumbuka kama sabuni inatosha, kama maji ya moto yanatosha, kama Niwagaba alisema lolote kuhusu maji ya vyombo. Hakukumbuka. Na Niwagaba alikwisha kwenda, na kumfuata kwake kwa miguu hii iliyokanyaga penye banda hakuweza tena.

Nyuma ya nyumba Madame alisikia mlio wa maji kwenye beseni. Aligonga hori kwa pua, mara mbili, kama alivyozoea. Alinguruma ile sauti yake ya kuita, nene na yenye furaha, sauti ya mnyama ambaye hajawahi kunyimwa. Aligonga tena.

"Mama," Sophie aliita kutoka mlangoni. "Madame anataka chakula yake. Nimupelekee?"

"Mukatie majani tu. Muwekee pale nje ya ubao, usiingie ndani. Ukitoka unawe miguu."

"Na haya maji? Tunamwaga wapi?"

Wivine aliliweka beseni chini polepole, yasimwagike hata tone. Akalifunika kwa kifuniko cha ndoo, akatafuta jiwe, akaliweka juu ya kifuniko ili kuku wasilifungue.

"Yaache hapo," alisema. "Tutaona kesho."